Homa ya Tryphena na Wajuzi wa Chawia

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na saba. La, nimekosea. Kumi na saba ulikuwa mwaka wa kura, na jua lilichoma mpaka mahindi ya Njukini yakafa hayajanifika magotini. Huu ninaousimulia ni kumi na nane, mwaka wa mvua, kwa sababu nakumbuka nilipanda mlima wa Chawia pekupeku, viatu nimevifunga pamoja nikavitundika shingoni, na tope linanivuta miguu kama lina deni na mimi.

Kazi yangu ni kuziba sufuria na kunoa mapanga. Natembea nayo toka Taveta, napita Chala na Njukini, nashuka Voi, napanda milimani, halafu naanza tena. Siku hizi watu wanaona heri wanunue sufuria jipya kuliko kuziba la zamani, lakini ziko nyumba bado zinaningoja. Nyumba ya Tryphena ilikuwa mojawapo. Wenyewe humwita Mama Wakio, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mumewe ni Reuben, karani kwenye ofisi moja ya Voi, mtu wa shati jeupe. Hupanda mlima Jumamosi na kushuka Jumapili jioni, na kwa siku hizo mbili anayajua mambo ya Chawia kuliko waliokaa huko wiki nzima.

Tryphena wakati huo alikuwa na miaka arobaini na saba. Mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kiganja chake kilikuwa kidogo kama cha mtoto wa darasa la pili. Kiganja hicho ndicho kilichompa sifa. Mbuzi akikwama kuzaa, mtu alikimbizwa kwake: "Mama Wakio, njoo upesi, kichwa kimegeukia nyuma!" Naye angekuja, ajipake mafuta ya kupikia mpaka kwenye kiwiko, aingize mkono, macho ameyafumba kama anayesali, na baada ya muda atoe kitoto cha mbuzi kinachotikisa masikio. Sikumwona hata siku moja akivaa glavu. Nani wa kumwambia avae?

Tena palikuwa na desturi yao, watu wa mtaa ule. Mzalishaji wa mbuzi hulipwa kwa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka mwanzo. Mwenye mbuzi huyakamua kwenye kikombe palepale, yangali na joto la mwili, na mzalishaji huyanywa mbele ya macho yake. Kuyachemsha ni matusi. Ni sawa na kumwambia mwenzako kwamba mbuzi wake ni mchafu, au kwamba mkono wako ulikuwa na nia mbaya na sasa unaogopa kuonja ulichokigusa. Tryphena alikunywa dang'a ya karibu kila zizi la upande ule. Akimaliza alipangusa mdomo, akasema, "Huyu atajaza ndoo."

Nimalizie na shamba, maana habari yote inakaa hapo. Chini ya nyumba yao, bondeni panapopita kijito, kuna kipande cha udongo mweusi ambacho baba yake Reuben, kabla hajafa, alimwonyesha Tryphena kwa fimbo akasema, "Hapa utalima wewe." Alilima nduma, kabichi na sukuma, akashusha Voi kila Jumanne. Wakio alisomeshwa na kabichi zile, si na shati jeupe. Katika boma lile hapakuwa na kitu kingine ambacho Tryphena angeweza kukiita chake mbele ya watu na wasicheke. Na Lewis, mdogo wake Reuben, mtu mwenye mashamba mawili ya mawe juu kilimani, alilitazama bonde lile kama paka anavyotazama jikoni kwa jirani.

Basi siku hiyo ya tope nilimkuta Tryphena ameketi uani juani, kajifunika leso mbili na sweta la mumewe.

"Karibu, Mzee Donald," akaniambia. "Sufuria lipo. Aliyelitoboa ndiye hana nguvu za kulileta."

Nikacheka, nikadhani anatania. Nikalifuata mwenyewe jikoni. Niliporudi alikuwa amelivua sweta, amezivua leso, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, anajipepea na kifuniko cha ndoo. Nilipokuwa natandika vyombo vyangu chini, akaanza kutafuta sweta tena, meno yanagongana.

"Imeanza lini hii?"

"Mwezi wa tatu. Inakuja, inaondoka. Naweza kupata wiki nzima nikaamka mzima, nikalima. Halafu siku nyingine mchana ukigeuka tu, baridi inanianzia mgongoni. Baada ya baridi ni moto. Baada ya moto ni jasho. Na baada ya hayo yote, Mzee, nachoka. Nachoka mpaka kushika mwiko ni kazi."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wao wanajua tayari."

Na kweli walikuwa wanajua. Sijapata kuona mahali penye wajuzi wengi namna ile kwa mgonjwa mmoja.

Watu wa milimani wana imani moja ambayo hawaikiri kanisani lakini wanaishika kuliko Amri Kumi: kwamba kwao juu hakuna ugonjwa. Hewa yao ni safi, maji yao ni safi, na roho zao, wakikuambia wenyewe, ni safi zaidi. Ugonjwa unakaa chini nyikani, Voi na kuendelea, na hupanda mlima ndani ya mwili wa mtu aliyeshuka kuutafuta. Mtu akitetemeka Chawia, swali la kwanza si "unaumwa wapi?" Swali ni "ulishuka lini?" Ukisema ulishuka juzi, basi, umejihukumu: ni homa ya nyika. Hakuna haja ya kupimwa.

Mama mkwe wake, Bibi Rachel, ndiye aliyekuwa askofu wa imani hiyo.

"Nilimwonya," aliniambia, akinipa panga nimnolee. "Nilimwambia, huko Voi utaumwa na mbu."

"Lakini Bibi, anashuka asubuhi, saa tisa amerudi. Mbu wa homa si humwuma anayelala huko usiku?"

"Mbu wana saa wewe? Noa panga."

Nikanoa panga.

Jumanne moja Tryphena mwenyewe akaingia duka la dawa pale Voi. Palikuwa na binti mmoja jina lake Shanice, kucha ndefu, simu sikioni. Nilikuwepo, nilikwenda kutafuta plasta ya kidole changu.

"Unasikia baridi, mum?"

"Nasikia."

"Na joto?"

"Na joto."

"Viungo vinauma? Umechoka?"

"Sana, mwanangu."

"Basi ni malaria na taifodi." Akageuka kuchukua vijisanduku, hajaitoa simu sikioni.

"Hujanipima."

"Mum, mimi nimekaa hapa miaka mitatu. Hii naijua kwa macho."

Miaka mitatu! Mimi nimetazama sufuria miaka arobaini na bado nalimwagia maji kwanza nione linavuja wapi. Lakini Tryphena alivichukua vile vijisanduku, akameza vidonge vyake, na homa ikaondoka siku nane. Ingeondoka tu, maana ndiyo desturi yake, kuja na kwenda. Lakini kila mtu akapiga makofi: mmeona? Homa ya nyika. Iliporudi, akanunua tena. Kabla ya Krismasi alikuwa amezimeza dawa zile mara sita. Ingekuwa malaria, ingehama wilaya.

Akaenda na kwenye zahanati, sitaitaja. Huko kwa haki yao walimtoboa kidole. Wakasema malaria haionekani. Tryphena akafurahi, akadhani sasa watatafuta kingine. Yule wa koti jeupe akamwambia, "Haionekani, lakini huwa inajificha," akamwandikia dawa zilezile. Mara ya pili alipokwenda, akamuuliza umri. Aliposikia arobaini na saba, akaweka kalamu chini kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Mama, huu ni umri. Wanawake wa umri wako hupata joto. Nenda nyumbani upumzike."

Sikatai, joto la umri lipo. Marehemu mke wangu lilimpata, akawa anafungua madirisha watu wakiwa wamevaa makoti. Lakini lile halikumgonganisha meno, halikumlowesha godoro, wala halikumkondesha mpaka sketi akaifunga kwa pini. Yule bwana hakuuliza hata moja kati ya hayo. Hakuuliza anafanya kazi gani. Hakuuliza anakula nini, anakunywa nini. Umri ulimtosha.

Nami pia nisijitoe. Nilimletea magome ya mwarobaini kutoka Voi, nikamwambia achemshe, anywe vikombe viwili kwa siku, na nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilitoka shule darasa la nne. Alikunywa ule uchungu wiki tatu kwa heshima yangu, na hakunilaumu hata siku moja. Naona aibu nikikumbuka.

Reuben yeye alikuwa na neno lake la ofisini. "Ni mawazo," alisema. "Anafikiri sana." Sijui alidhani anafikiri nini. Hakumuuliza.

Na Lewis alikuwa na neno fupi kuliko yote. Alilisema mbele yangu, mguu juu ya jiwe, anachokoa meno. "Uvivu, Mzee. Kuna homa gani inayokuja wakati wa kupalilia?"

Hilo ndilo lililoshika. Lilikuwa jepesi kubeba. Likatoka kwa Lewis likaenda kwa Bibi Rachel, likaenda kisimani, likaenda kwenye kwaya. Mwanamke aliyelala mchana ana jina moja tu milimani, hata kama shuka lake linaweza kukamuliwa jasho.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, bonde lilikuwa bado halijachimbwa. Tryphena alikuwa amechimba mistari minne, akaketi chini, akashindwa kuinuka mpaka alipopita mtu. Jumapili hiyo baada ya ibada, familia ikakaa. Nilikuwa uani naziba birika, wala hawakunifukuza. Mtu wa kuziba sufuria ni kama kiti, hamna anayenong'ona kwa ajili yake.

Reuben akasema, "Udongo ule hauwezi kukaa bure."

Bibi Rachel akasema, "Baba yenu angelia."

Lewis akasema, kwa upole mwingi kabisa, "Mimi nitalishika tu. Mpaka shemeji apone."

Tryphena alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye nguzo. "Na nikipona kesho?"

Wakacheka. Lewis alicheka zaidi. "Upone, shemeji! Nani anakukataza?"

Keshokutwa yake alikuwa bondeni na jembe, na watu wawili wa kumsaidia. Hakupanda mahindi ya msimu mmoja. Alipanda migomba. Mtu anayeshika shamba mpaka mwenzake apone hapandi migomba, hilo hata mimi wa darasa la nne nalijua. Tryphena aliliona dirishani. Aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyoogopa. Kufa hakukumwogopesha sana. Aliogopa kuishi katika boma lile hana pa kusimama, anangoja kupewa sukuma na mkono wa Lewis.

Nusu ya kwanza ya mwaka uliofuata nilipita Chawia mara tatu, na kila mara nilimkuta amepungua. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, na nyonga, akatembea na fimbo kama mimi. Na hapa ndipo ninapotaka uwaangalie vizuri watu wale. Mtu waliyemwita mvivu, hawakuacha kumwita. Mbuzi alipokwama, uvivu wake ulisahaulika mara moja. "Mama Wakio, tafadhali, atatufia!" Naye angekwenda na fimbo yake, ajipake mafuta, afumbe macho, atoe. Halafu kikombe cha dang'a ya moto. Halafu akirudi nyumbani akalala, waliomwita jana walipita njiani wakasema, "Amelala tena."

"Kwa nini unaenda?" nilimuuliza.

"Mbuzi hajasema neno baya juu yangu," akajibu.

Lewis alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, wa mbegu ya kizungu, mweupe, masikio yamesimama. Alimjengea banda lenye sakafu ya mbao. Alimpenda yule mbuzi, na simlaumu, alikuwa mbuzi mzuri. Mwaka wa kumi na tisa, mwezi wa sita, akatupa mimba. Ilikuwa mara yake ya pili, na Tryphena ndiye aliyeitwa mara zote mbili kutoa kilichokufa na kusafisha. Mara hii Lewis hakuenda duka la dawa. Hakusema ni umri. Hakusema mbuzi ana mawazo. Alipiga simu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana daktari wa mifugo alikuwa amefika na pikipiki.

Alikuwa mama kijana, Mkamba, anaitwa Kavinya. Alivaa glavu mpaka kwapani kabla hajamgusa mbuzi. Watu waliosimama pale wakatabasamu: mtu wa mjini, anaogopa uchafu. Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki, nina sufuria la Lewis mapajani.

Akatoa damu ya mbuzi, akaandika jina kwenye kichupa. Kisha akauliza, "Kile kilichotoka kiko wapi?"

"Tumewapa mbwa," Lewis akasema.

Kavinya akafumba macho kidogo. "Na aliyekitoa ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Kwa glavu?"

"Kwa mkono. Ana mkono mzuri."

"Naweza kumwona?"

"Amelala," Lewis akasema, akanikonyeza mimi. "Huyo hulala."

"Saa sita hii? Anaumwa?"

"Homa ya nyika. Tangu mwaka juzi... mwaka jana. Daktari, tulikuita kwa mbuzi."

Kavinya alivua zile glavu, akazitia kwenye mfuko, akanawa na sabuni aliyokuja nayo, akaniambia, "Babu, nipeleke."

Tulimkuta chini ya blanketi, mtu ni jasho tupu. Kavinya akavuta kigoda, akakaa. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu tope lile la kumi na nane kusikia mtu akimuuliza Tryphena maswali na kungoja majibu. Inakuja saa ngapi. Inakaa siku ngapi. Mgongo. Nyonga. Amepungua? Ana kikohozi? Amezalisha mbuzi wangapi? Kuna waliotupa mimba? Mikono ilikuwa na mikwaruzo? Maziwa?

"Chai tunachemsha," Tryphena akasema.

"Na yasiyo ya chai?"

Tryphena akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa ya kusema siri ya nyumba. "Dang'a," akasema.

"Mbichi?"

"Sasa nani anapika dang'a, mwanangu? Si ni kumtukana mwenye mbuzi?"

Kavinya akasema polepole kwamba yeye ni wa mifugo, hana ruhusa ya kumtibu mtu, na wala hawezi kusema ni ugonjwa gani kabla ya kipimo. Lakini uko ugonjwa wa mbuzi na ng'ombe, brusela wanauita, unaofanya mbuzi watupe mimba, na mtu huupata kwa maziwa mabichi na kwa kushika uzazi wa mnyama mikono mitupu. Ukimwingia mtu unafanya hivi hivi: moto, baridi, jasho, uchovu, mgongo, unakuja na kuondoka mpaka watu wanadhani anajifanya. Akaandika karatasi. "Nenda hospitali, mama. Waonyeshe hii. Uwaambie kazi yako, uwaambie na hiyo dang'a. Usione aibu."

Tulishuka kesho yake, mimi na Tryphena. Reuben alikuwa na mkutano. Lewis alikuwa anamtazama mbuzi.

Daktari wa hospitali, mtu mzima mwenye miwani, aliisoma karatasi, wala hakuichukia kwa kuwa imetoka kwa daktari wa mbuzi. Lakini hakuimeza pia. Alisema joto na baridi na uchovu vina baba wengi. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa damu imepungua, iko na tezi ya shingoni ikikosea kazi yake, na umri nao, na malaria ya kweli. "Ndiyo maana tunapima," akasema. "Si kila anayetetemeka ana brusela, kama vile si kila anayetetemeka ana malaria." Akatoa damu, vichupa vinne, akapiga picha ya kifua, akamshika shingo, akamwambia ameze mate. Nilihesabu: maswali yake na vipimo vyake vilichukua saa nzima na zaidi. Shanice alichukua muda wa kuhamisha simu sikio moja hadi lingine.

Majibu ya hapo hospitalini yalitoka baada ya siku tatu. Ilikuwa brusela. Damu pia ilikuwa imepungua. Ya yule mbuzi wa Lewis yalikuja wiki hiyohiyo, yakasema vilevile.

Akapewa vidonge vya aina mbili vya wiki sita, na daktari akamkanya asiache hata akijiona mzima, kwa sababu ugonjwa huu hujilaza ukamngoja mtu mzembe. Wiki ya kwanza mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi, jambo ambalo daktari alikuwa ameshamwambia ni la dawa tu. Lakini Bibi Rachel hakuwa ameambiwa. Aliuona chooni, akatoka anapiga yowe kwamba Mkamba amemwekea mkwewe sumu. Nusu ya mtaa ikafika. Tryphena akawatazama wote wakiwa wamejaa uani, wale waliokuwa hawana nafasi ya kumtembelea mwaka mzima na zaidi, akasema, "Karibuni. Leo mmekuja kwa mkojo."

Nilikunywa chai yangu nikajificha nyuma ya kikombe.

Wiki ya nne aliacha fimbo. Wiki ya sita alimaliza kidonge cha mwisho. Baada ya hapo alirudi kupimwa kama alivyoagizwa. Mwezi wa tisa nilimkuta anapasua kuni.

Unadhani mtaa ule ulijifunza? Alipoitwa tena kwenye mbuzi aliyekwama, alikwenda na glavu za Kavinya, na kikombe kilipoletwa akasema, "Naomba mnichemshie." Mwenye mbuzi, mama mtu mzima wa kanisani, akamwaga dang'a chini mbele yake. Njiani nikasikia: "Mama Wakio siku hizi anaringa. Ametuona wachafu." Mwaka mmoja walimwita mvivu, sasa wanamwita mwenye maringo. Wana maneno mengi sana kwa mtu mmoja, na glavu hawana.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, Tryphena akaomba familia ikae tena. Akaomba wakae kulekule bondeni. Migomba ya Lewis ilikuwa imenifika kifuani. Reuben alikuja na viatu vyake vya ofisini, akatafuta jiwe la kukanyaga. Bibi Rachel akaletewa kiti. Nami nikaja, maana Tryphena alinitaka niwepo, akasema nilikuwepo pia waliposema yale ya kwanza.

"Nimepona," akasema. "Nimekuja kuchukua jembe langu."

Lewis akajikuna shingo. "Tunashukuru Mungu, shemeji. Lakini ugonjwa wenyewe tumesikia unarudi. Tungojee kidogo tuone."

"Daktari amenipima."

"Daktari hapimi nguvu za kulima."

"Labda mpaka migomba izae," Reuben akasema, anatazama viatu. "Si vizuri kung'oa chakula."

"Ikishazaa inatoa machipukizi," Bibi Rachel akasema, na sikujua anamtetea nani.

Tryphena hakubishana. Alipita katikati yao, akaenda pembeni ya kijito ambapo pale mwanzo aliacha ile mistari minne, akakunja sketi, akaanza kulima. Walikuwa bado wanajadili kama ana nguvu. Alimaliza mstari wa kwanza, akageuka, akaanza wa pili. Udongo mweusi ulikuwa unaruka. Alikuwa anahema lakini hakusimama, na jasho lile, kila mtu aliliona, lilikuwa la mtu anayefanya kazi.

Nasema wazi jinsi lilivyokwisha, nisije nikakuacha njiani. Hakuna aliyempa shamba siku hiyo. Alirudi kesho yake akalima, na keshokutwa, na Lewis akakosa uso wa kumtoa mbele ya watu wanaopita. Migomba aliizungushia nduma, ikazaa, akaikata, akampelekea Lewis mikungu yake yote mlangoni bila neno, kisha akang'oa visiki. Shamba analo yeye hadi leo. Reuben anasema yeye ndiye aliyemrudishia.

Lakini siku ile, Tryphena akiwa mstari wa pili, niliweka kifurushi changu cha vyombo chini. Sikuwa nimepandisha sauti Chawia miaka yote hiyo. Nilimgeukia Lewis, na mama yake yupo, na kaka yake yupo, na mke wa kaka yake analima mbele ya macho yao, nikamuuliza jambo moja. Lewis akatazama migomba. Reuben akasema mvua inakuja. Bibi Rachel akaomba ashikwe mkono ainuke. Nimepita pale kila mwaka tangu hapo, nimemnolea Lewis mapanga yake yote, na kila mara namuuliza tena nikimkabidhi, naye anajaribu makali kwa kidole gumba na kunishukuru:

"Lewis, mwanangu, ulisema mpaka shemeji apone: huko kupona ulitaka kufanane na nini?"